Mstari wa Mwisho wa Makala ya Maji Tulivu

Makala niliyoifuta ilikuwa na sentensi moja tu ya maana, na sentensi hiyo niliiandika mimi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloninyima raha, na kwa sababu kila nikijaribu kulieleza tangu mwanzo, nikifika katikati najikuta sijui niko upande gani.

Kazi yangu ni kutengeneza miwani. Nasaga lenzi, nazikata zifuate umbo la fremu, nakaza skrubu ndogo ambazo zikianguka sakafuni basi tena. Niulize jambo la lenzi nitakujibu bila kupepesa. Lakini saa ya chakula cha mchana, mashine ikiwa imezimwa na vumbi jeupe likiwa bado limenikaa vidoleni, huwa nafungua kompyuta ya duka na kuingia kwenye kamusi yetu huria, ile inayoandikwa na yeyote na kusomwa na yeyote. Nina miaka sita humo. Nilianza kwa kusahihisha herufi, nikapanda mpaka nikapewa ukabidhi, yaani ufunguo wa kufuta makala na kuzirejesha. Humo wananiita Fundi. Nakiri kwamba cheo hicho kilinipanda kichwani kidogo.

Makala yenyewe iliitwa "Maji Tulivu". Iliandikwa na mtu aliyejiita Mpenda Afya, na ilisema kwamba damu ya binadamu huiga tabia ya maji anayokunywa. Maji ya bomba yanakuja mbio, kwa hiyo na damu inakwenda mbio, ndiyo presha hiyo. Tiba yake ni kuyaweka maji gizani siku tatu mpaka yatulie, halafu uyanywe, na damu nayo itatulia. Aya nne nzima, zimeandikwa bila wasiwasi wowote, utadhani anaeleza namna ya kupiga pasi shati. Vyanzo vilikuwa viwili: kijitabu alichokichapisha mwenyewe, na tovuti moja ambayo ukiifungua inakuambia kwamba habari hizi imezitoa kwenye kamusi yetu. Yaani tulikuwa tunajitolea ushahidi sisi wenyewe.

Nilipoikuta mara ya kwanza nilicheka peke yangu dukani. Ningeweza kuanzisha mjadala wa kuifuta siku ile ile. Uvivu ukanishika, nikaongeza mstari mmoja mwishoni: "Hakuna ushahidi wa kitabibu unaounga mkono nadharia hii, na mwenye shinikizo la damu asiache hata siku moja kunywa dawa alizoandikiwa na daktari." Nikahifadhi, nikarudi kwenye lenzi zangu. Chanzo sikuweka. Nani anaweka chanzo kwa jambo kama hilo? Ikapita miaka miwili nikaisahau kabisa.

Dada yangu anashona mapazia. Amenizidi miaka kumi na mmoja, ndiye aliyenilea mama alipokuwa kazini, na mpaka leo akiniita kwa sauti ile yake hujikuta nakagua kucha zangu kabla sijaitika. Ana presha tangu alipomzaa binti yake wa pekee. Kila asubuhi humeza kidonge kimoja cheupe. Jumamosi moja nilimpelekea miwani mpya ya kushonea. Nikatafuta pa kutundika koti, nikafungua kabati la chumba chake cha kazi.

Sikukuta nguo hata moja. Kulikuwa na chupa kumi na nane za maji, zimepangwa safu tatu, zimefunikwa kitambaa kizito cheusi kilichobaki kwenye mapazia ya mteja, na kila chupa imebandikwa karatasi yenye jina la siku ilipoingia gizani.

"Dada, hizi nini?"

"Maji. Funga hiyo, unaingiza mwanga."

Nikafunga. Nikafungua tena. "Maji ya nini?"

"Ya presha. Na usinitolee macho, imo kwenye kamusi yenu."

"Kamusi yetu?"

"Si hiyo unayojisifia kila siku? Nimeisoma mpaka mwisho, neno kwa neno, na nafuata vile vile walivyoandika. Maji nakunywa na dawa nakunywa."

Ningekuwa mtu wa kusikiliza, ningeyasikia yale maneno matatu ya mwisho. Nikasikia "maji" na "kamusi", hasira zikanipanda mpaka utosini. Kumbe upuuzi ule ninaoupita kila siku umeingia mpaka kwenye kabati la dada yangu, tena kwa mlango wangu mimi!

"Unadanganywa, Dada!"

"Nadanganywa na nani? Na wewe?"

Nikamwachia miwani, nikasahau koti, nikarudi dukani moja kwa moja na Jumamosi yenyewe nikafungua mjadala wa kuifuta "Maji Tulivu".

Mjadala kwetu una utaratibu wake. Anayetaka makala ifutwe anaeleza sababu kwenye ukurasa wa majadiliano, wengine wanatoa maoni, na baada ya wiki mbili mkabidhi mmoja anakata shauri. Niliandika kwa ukali: vyanzo hakuna, kijitabu ni cha mwandishi mwenyewe, tovuti imetunakili sisi. Nilitegemea Karani aniunge mkono. Huyu ni mkabidhi mwenzangu. Kwenye maisha yake ya kawaida ni karani wa mahakama, na sijawahi kumwona kwa macho. Uandishi wake hauna salamu wala kwaheri, na kwenye kufuta makala hana huruma.

Karani akanishangaza. "Vyanzo ni vibovu, nakubali," aliandika. "Lakini nina wasiwasi. Anayetafuta maji tulivu leo anakutana na sisi kwanza. Kesho tukiwa hatupo, atakutana na nani?"

"Atakutana na akili zake," nikamjibu.

Jibu lile nililiona zuri sana siku ile. Nililisoma mara mbili.

Kisha Mpenda Afya mwenyewe akaingia, kwa adabu zote. "Ndugu Fundi," aliandika, "mnasema makala yangu haina vyanzo vya kuaminika. Sawa, nimesikia. Naomba kuuliza, huo mstari wa mwisho unaosema hakuna ushahidi, chanzo chake ni kipi?"

Nilipiga meza mpaka mteja aliyekuwa anajaribu fremu akageuka. Karani, bila hata kusita, akaandika chini yake: "Hapo yuko sahihi. Sheria yetu haiulizi kama sentensi ni ya kweli. Inauliza nani kaisema."

Nikaamua kukitafuta hicho chanzo nimkomoe. Nilitafuta siku nne. Nilipekua majarida ya tiba, taarifa za wizara, vitabu vya uuguzi. Presha imeandikwa mpaka basi, lakini maji ya gizani hakuna aliyeyataja hata kwa bahati mbaya. Siku ya tano daktari mmoja alikuja dukani, alikuwa amekalia miwani yake. Nikamshika hapo hapo, mguu wa fremu mkononi.

"Daktari, kuna utafiti wowote unaopinga kwamba maji yakikaa gizani siku tatu yanatibu presha?"

Akanitazama kwanza aone kama namtania. "Nani apoteze muda kupinga kitu kama hicho?"

"Basi naomba ukipinge wewe. Uandike."

"Niandike wapi?"

"Popote. Kwenye jarida."

"Ndugu yangu," alisema, akicheka, "nikipeleka makala jaridani kwamba maji hayajali kama taa imewashwa, watanipima mimi." Akachukua miwani yake akaenda zake, bado anacheka mlangoni.

Nikabaki na koleo mkononi, kichwa kinazunguka. Mpenda Afya alikuwa na kijitabu, kibovu lakini kipo. Mimi mwenye ukweli sikuwa na hata ukurasa, kwa sababu wenye elimu waliuona upuuzi ule ni mdogo mno kujibiwa. Kwa hesabu ya sheria zetu, yeye alikuwa ananizidi.

Niliuondoa mstari wangu kwa mkono wangu. Nilifanya hivyo makusudi, nikiona ni uungwana: sheria ni msumeno wa watu wote, nianze na mimi. Basi makala ikabaki uongo mtupu kuanzia juu mpaka chini, na jambo hilo lenyewe likawa hoja yangu ya mwisho: mnaona sasa, hakuna hata sentensi moja ya kubakisha. Wanne wakasema ifutwe, wawili ibaki. Jumanne saa saba mchana, nikiwa nimeshika mkate kwa mkono wa kushoto, nikabonyeza kwa mkono wa kulia. Ikapotea. Nilijisikia mwepesi, na mchana wote nilifanya kazi nikipiga mluzi.

Wiki tano baadaye, asubuhi, binti yake Dada alinipigia simu. "Mjomba, njoo. Mama ameangukia cherehani."

Nilimkuta hospitalini. Alikuwa hai, anapumua, anatazama. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka, kama pazia lililokosa pete mbili za mwisho, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya shuka bila kujishughulisha na lolote. Nilijikaza nisilie mbele yake, nikatoka nje kwenye korido, nikalia huko.

"Aliacha vidonge," binti aliniambia. "Nimekuta paketi nzima haijafunguliwa. Tangu mwezi uliopita, Mjomba. Na kliniki hakwenda."

"Kwa nini? Si alikuwa anakunywa vyote viwili?"

Akanipa simu ya mama yake. Nilichokiona pale nilikijua kabla sijakisoma. Ulikuwa ukurasa wa Mpenda Afya mwenyewe, wa kwanza kabisa kutokea ukiandika maji tulivu, sasa sisi tulipokuwa hatupo. Aya nne zile zile. Mwishoni, mahali pangu, palikuwa na maneno haya: "Dawa za dukani huyatibua maji. Usichanganye."

Siku ya tatu Dada alianza kusema maneno yanayoeleweka. Ulimi ulikuwa mzito, anaburuta silabi, lakini alikuwa ni yeye kabisa, maana cha kwanza aliniuliza kwa nini sijanyoa ndevu. Cha pili nilikiuliza mimi.

"Dada, kwa nini uliacha dawa?"

"Ile foleni ya kliniki," alisema. "Kila mwezi vidonge vikiisha... uvivu unanishika. Nasema leo siendi. Basi nafungua ile kamusi yenu, nasoma mstari wa mwisho. Hata siku moja. Umeandikwa kwa ukali... kama mtu anayenijua. Naona aibu, naondoka naenda."

Nilishika chuma cha kitanda.

"Mwezi ule nikafungua, haupo. Ukurasa wote haupo. Nikatafuta, nikaona mahali pengine pameandikwa usichanganye. Nikasema hawa wenye kamusi wamegundua jambo. Wamebadilisha."

"Hatukubadilisha, Dada. Tuliifuta."

"Sasa mimi... ningejuaje?"

Hakuwa analaumu, alikuwa anauliza kweli. Nami sikujua kwa hakika angejuaje.

"Ule mstari niliuandika mimi," nikamwambia.

Jicho lake zima likanikodolea. "Na nani kaufuta?"

"Mimi."

Akanitazama muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya akitafuta kosa lilianzia wapi. "Mbona sikuelewi?" alisema.

"Hata mimi sijielewi, Dada."

Nilimwandikia Karani siku hiyo hiyo, nikamweleza yote. Sijui nilitaka nini, labda anifokee, nilistahili. Hakunifokea. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alianza na salamu. "Habari, Fundi. Pole sana. Nimefungua mjadala wa kuirejesha." Watu wakaja tena na maoni yao. Watatu wanasema irudi, ikirudi na onyo. Watatu wanasema onyo halina chanzo, kwa hiyo ikirudi itarudi na maji yake matupu, na hapo tutakuwa tumefanya ubaya mkubwa kuliko wa kwanza. Mpenda Afya amewashukuru wote kwa mjadala mzuri. Kura moja imebaki na wanaisubiri kwangu.

Nimeshaandika kura ya ndiyo nikaifuta, nimeandika ya hapana nikaifuta. Nikisema irudi, namfikiria mtu mwingine mwenye kabati, anayesoma aya ya kwanza na kuchoka kabla hajafika mwisho. Nikisema isirudi, namwona dada yangu kitandani. Halafu nawaza kwamba labda kuna mtu mahali fulani aliyetafuta wiki ile, hakuona kitu, akaenda zake na kidonge chake. Huyo hawezi kunipigia simu kunishukuru, wala mimi siwezi kumhesabu. Wa kwangu namjua kwa sura, na nashuku kwamba hilo linanipotosha, au pengine ndilo pekee linaloniweka sawa. Kesho yake nawaza kinyume. Wiki iliyopita nilikosea lenzi tatu, ya kushoto nikaiweka kulia, jambo ambalo sijalifanya tangu niwe mwanafunzi.

Dada amerudi nyumbani. Mkono unaanza kushika vitu vyepesi, na mchana huu nilipokwenda kumwona nilimkuta amekaa mbele ya cherehani, hashoni, ameigusa tu. Koti langu bado lilikuwa kwenye kiti nilipoliacha ile Jumamosi. Nikafungua kabati. Chupa zilikuwepo, zote kumi na nane, zimefunikwa.

"Nizimwage?" nikauliza.

"Thubutu."

"Dada, lakini..."

"Maji hayajanidhuru. Wewe ndiye umenidhuru." Alisema hivyo akijaribu kucheka kwa upande mmoja, nami nikacheka naye, ingawa liliniingia mpaka ndani.

Nikachukua karatasi yake ya kukatia mishono, nikakata kipande, nikaandika kwa herufi kubwa: "ASIACHE HATA SIKU MOJA KUNYWA DAWA ALIZOANDIKIWA NA DAKTARI." Nikakibandika kwenye mlango wa kabati, usawa wa macho yake akiwa amekaa. Dada akavaa miwani niliyomtengenezea, akasogeza kiti, akasoma polepole huku midomo ikimsumbua. Akarudia. Halafu akanigeukia.

"Nani kasema?"

Swali hilo nimewauliza watu miaka sita, mamia ya watu, na wengi niliwafukuza kwalo. Sikuwa na jarida, sikuwa na kitabu, na daktari niliyekuwa naye aliondoka anacheka.

"Mimi," nikasema.

"Basi liandike. Nisije nikasahau."

Nikachukua kalamu, nikaandika chini ya maneno yale, kwa herufi ndogo, pale inapokaa tanbihi: "mdogo wako". Akasoma yote tena kuanzia mwanzo mpaka hapo. Kisha akajinyoosha, akafungua mkoba wake, akatoa kidonge cheupe, akafungua kabati, akachukua chupa ya Jumanne, akakimezea.